Nimemdanganya Mwalimu Anayenisemea Chuoni

Mama Phelesia wa ukurasa wa ushauri,

Pokea salamu zangu kutoka Homa Bay, nisaidie mama. Mimi ni msichana wa mwaka wa pili chuo kikuu huko Nairobi, wazazi wangu ni Wakisii Wasabato, wana duka la nafaka hapa mjini, na kule chuoni kila mwanafunzi hupewa mwalimu wa kumshauri juu ya masomo, wangu ni Bwana Ryoba, mtu wa Migori, Mkatoliki, na siku ya kwanza alituketisha akatuambia kazi yake ni kuzijua sheria za chuo ili sisi tusijikwae, kutunza siri zetu, na kutusemea mbele ya kamati tukipata shida, lakini kutuchagulia masomo hatatuchagulia, hilo ni letu. Na ndivyo alivyo kweli, Jumanne na Alhamisi saa nane mlango uko wazi, na unachosema anakiandika ili asikuulize mara mbili.

Sasa ratiba ya mtihani ilipotoka nikaona karatasi moja imewekwa Jumamosi, Sabato yetu, nikaenda kumwambia, lakini nilipofika nikaona haya, nikadhani atanicheka, nikasema mama yangu ni mgonjwa sana na Jumamosi hiyo atapasuliwa. Uongo mtupu. Akanipa pole, akasema ataiandikia kamati nifanye mtihani siku nyingine na ataweka sahihi yake.

Kumbe hakuishia hapo. Alimwandikia rafiki yake Dishon, dresa, yaani mfunga vidonda wa hospitali ya hapa Homa Bay, amtafute mama yangu amsaidie. Nimekuja likizo mama ananiambia dresa alifika dukani akamkuta ana debe la maharagwe kichwani, akamsalimu akaenda zake, na mama mpaka leo anauliza nani kasema yeye anaumwa. Na jana nimepata barua ya Bwana Ryoba: "Barua ya kamati iko tayari, lakini sijaipeleka. Kama kuna neno ungependa niongeze au nifute, niko nyumbani Migori mpaka Jumapili." Kamati inakaa Alhamisi ijayo. Nikinyamaza mwaka wangu utapona, nikisema ukweli pengine atanifukuza, na mtihani wa Jumamosi siingii, nitarudia mwaka na baba hana nguvu ya kunirudisha. Nifanye nini?

Mwenye Aibu, Homa Bay
Aprili 1967

Mwenye Aibu,

Majina nimeyabadilisha, na jibu hili nimekutumia kwa posta kabla ya kulichapa, maana ukingoja gazeti litakukuta mambo yamekwisha.

Pole, binti yangu. Kuona haya mbele ya mtu mkubwa ni jambo ninalolijua, hata mimi lilinipata. Lakini pole yangu inaishia hapo. Kila wiki napokea barua za wanafunzi ambao mwalimu wao wa ushauri anatia sahihi fomu bila kuinua kichwa, hata majina yao hayajui. Wewe umepewa anayemtafutia mama yako dresa, halafu ukaona huyo ndiye wa kudanganywa!

Na unaniuliza kama unyamaze. Unyamaze ili nani asijue? Dresa alimkuta mama yako na debe kichwani. Unadhani hakumwandikia mwenzake? Bwana Ryoba anajua, binti. Angeweza kuichana ile barua nawe ungeyasikia Alhamisi. Badala yake ameishika mkononi, akakuandikia kwa upole, ili ukweli utoke kinywani mwako mwenyewe. Nina miaka kumi na moja katika kazi hii ya kushauri watu na sijui kama ningekuwa na subira hiyo. Namheshimu mtu huyo kabla sijamwona.

Tena alikuambia wazi kwamba kazi yake ni kuzijua sheria za chuo. Huenda iko njia ya kuifanya karatasi hiyo jua likishatua na Sabato imekwisha, huenda iko siku nyingine. Mimi sijui. Anayejua ni yeye, na hukumuuliza.

Basi fanya hivi. Usimwandikie. Ijumaa asubuhi mapema panda basi la Migori pamoja na mama yako, naye umweleze yote kabla hamjatoka nyumbani, asije akayasikia huko. Usibebe kuku wala ndizi, utaonekana unanunua msamaha. Ukifika usianze na Sabato. Anza na uongo, useme, "Mwalimu, mama si mgonjwa, nilikudanganya," kisha ukae kimya, akasirike mpaka amalize. Ndipo umpe sababu ya kweli na umwombe aitazame. Mrudi kabla jua halijatua na Sabato haijaingia.

Akikubali kukusemea, mshukuru na ukasome. Akikataa, utarudia mwaka, na itakuuma sana, sikufichi. Lakini Alhamisi mtu huyo hatasimama mbele ya wenzake kuutetea ugonjwa usiokuwepo.

Mama Phelesia