Lango la Watu Wawili

Kwako Tae-sik,

Mimi mzima, na hali yako sitaki kuijua. Mama yako bado ananiletea kabichi ya kimchi ya kuwatosha watu wawili; inaonekana hujamwambia kwamba umeondoka.

Jana nilikwenda kwenye ule mgahawa wetu wa nyama choma. Mwenye mgahawa akanizuia mlangoni: "Dada, hapa hatuwashi jiko la mezani kwa mtu mmoja. Mumeo yuko wapi?" Nikaagiza ya watu wawili, nikaila yote huku nikimkazia macho.

Unalikumbuka lile lango nililobuni kwenye mchezo wetu wa mtandaoni, lisilofunguka mpaka wachezaji wawili washike mienge pamoja? Ndipo tulipokutana. Miaka sita wanaocheza peke yao wananilalamikia, nami nawajibu, "Tafuteni wenzenu!" Leo asubuhi nimelibadilisha. Asiye na mwenzake atapewa askari anayeendeshwa na kompyuta amshikie mwenge wa pili.

Nimemjaribu mwenyewe. Maneno matamu hana. Nilimwacha langoni nikaenda kula. Niliporudi nikamkuta bado ameushika mwenge, ananingoja.

Wewe ulishindwa na hilo tu.

Mkeo, machoni pa mama yako tu,
Hye-rin