Dume wa Baba Njeri

Jumatatu, 7 Julai
Nimebadilisha maji nusu tangi kabla ya chai. Baridi ya Tassia mwezi huu inauma vidole. Nikagonga ukingo, dume wa kambare akaja juu kama alivyozoeshwa na marehemu mume wangu, Baba Njeri. Jike tumbo limejaa mayai. Kambare wengine wote walipikwa kwenye mazishi yake. Nisipopata vifaranga kwa hawa wawili, kazi yake imekwisha.

Jumatano, 9 Julai
Baba Atieno wa nyumba ya pili amekubali kunidungia jike kesho. Yeye na marehemu walizalisha samaki pamoja. Tangini kambare hatagi mwenyewe. Jike hudungwa homoni, mayai yakiiva yanakamuliwa. Dume hakamuliki. Anachinjwa, vifuko vya mbegu vinatolewa tumboni. Nimeyajua hayo miaka yote, ila kisu kilikuwa cha mume wangu. Nimemkasirikia kwa kufa.

Alhamisi, 10 Julai
Jike amedungwa jioni, yuko kwenye beseni, nimemfunika. Baba Atieno ana shifti ya usiku kiwandani. Akiondoka akaniambia: "Mama Njeri, kwanza bonyeza jike. Usiguse dume kabla uone mayai. Hii baridi inachelewesha." Nikasema sawa.

Ijumaa, 11 Julai
Nimeharibu.
Niliamka na ujasiri, nikaogopa utaniishia nikingoja. Nikamtoa dume. Alikuja mwenyewe nilipogonga. Nikachinja, nikapasua vifuko kwenye kikombe cha maji ya chumvi, vizuri kabisa. Ndipo nikabonyeza jike. Hakuna kitu. Nikabonyeza tena, damu.
Baba Atieno alirudi, akaangalia kikombe, akavua kofia. "Tungengoja tu, mama." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Mayai yametoka mchana, mengi, yakimiminika. Mbegu zilikuwa zimekaa mezani mno. Tumeyamwagia mayai hivyo hivyo.

Jumamosi, 12 Julai
Mayai yamegeuka meupe. Yote. Meupe ni yaliyokufa. Nimeyamwaga kwenye sukuma wiki.
Mama Atieno alimkaanga dume jana, leo akaniletea na mchuzi wa nyanya. Nilitaka kukataa. Nikala. Alikuwa mtamu, na hapo ndipo nikalia, ugali mkononi.

Jumapili, 13 Julai
Sikwenda kanisani. Jike nimemrudisha tangini, anapumua vizuri. Jioni nikagonga ukingo kwa mazoea. Hakuja, yeye hakufundishwa. Nikammwagia chakula. Nilikuwa nimepima cha wawili.