Kitanda cha Dominick

Baba Monika,

Alfajiri, kukiwa bado giza, nilisikia kamba zinalia. Ulikuwa unawamba upya kitanda cha mdogo wako Dominick, wewe uliyeapa kwamba undugu wenu ulizikwa siku mliyogombania shamba la marehemu baba. ~~Mwongo wewe.~~ Asante.

Basi nimekwenda Mitole kumleta. Akikataa, nitakaa mlangoni kwake mpaka avae viatu. Leo Jumamosi Kuu. Bwana Yesu naye alizikwa, na wenzake wakadhani yamekwisha.

Uji upo kwenye chupa. Kunde bandika mapema, tutakula wanne. Usijifiche shambani.

Mama Monika

Mwanao aliamka, nikamwambia lala, ni kamba tu zinalia. Akasema, “Siyo kamba, ni baba.”