Siku Ghoshal Alipostaafu, Nikiwa Mlangoni

Kolkata, Jumapili

Kwako Dada Sharmistha,

Mrushaji wetu wa kriketi, Ghoshal, alistaafu jana, nami nakuandikia kabla mshangao haujanitoka.

Unajua Baba hajanisemesha tangu nilipofukuzwa chuoni kwa kuongoza mgomo. Jana nilikwenda nyumbani kuchukua vitabu vyangu, nihame kabisa. Nilipokanyaga kizingiti tu, kwenye televisheni mpira wa Ghoshal ukaangusha kijiti, mpigaji akatolewa. Baba akasema bila kugeuka, "Simama hapo hapo. Usisogee."

Nilisimama kwa muda wa saa mbili ili bahati isikimbie, Dada, mimi ninayeuhutubia umma dhidi ya ushirikina.

Jirani yetu Haradhan, aliyekuja kutazama, akatania, "Siku hizi kriketi ni ya muda wa saa tatu tu, kaka, watu wanawahi chakula. Nani ana siku tano za mechi nzima za kumngoja babu huyu?"

"Kunywa chai yako," Baba akamjibu.

Kisha ukaja mpira wa mwisho wa Ghoshal. Ulipaa polepole kama usio na nia, ukatua pembeni, ukakata kona kuelekea vijiti, na mpigaji akabaki na gongo lake hewani akiutazama ukipita na kuviangusha. Haradhan aliweka kikombe chini. Ni itikadi gani iwezayo kueleza mpira unaoutii mkono wa mtu namna ile?

Ghoshal akavua kofia, akatoka uwanjani. Nikageukia rafu ya vitabu.

"Nimekuambia usisogee," Baba akasema.

"Mchezo umekwisha, Baba."

"Najua."

Vitabu vyangu, Dada, bado viko rafuni.

Mdogo wako,
Saptarshi