Blichi Niliyomwaga Chooni

Jumanne, 11 Februari 2025

Mungu wangu! Mtoto wa Kavetsa, jirani yangu, amekunywa blichi! Ilikuwa kwa chupa ya soda, chini ya sinki. Yuko hai, Bwana asifiwe, lakini mdomo umefura hata maziwa hayapiti. Na mimi pia yangu iko kwa chupa ya soda – si sote tunanunua ya kupimiwa? Mjukuu wangu Nthenya ana miaka mitatu, hakuna kitu haonji.

Mama yake, binti yangu Mbithe, amepiga simu kutoka Mombasa. Mwaitu, mama yangu, toa hizo vitu zote kwa nyumba, leo leo!

Nimetoa. Blichi yote nimemwaga chooni. Bomba bado ni kavu, na maji yaliyobaki kwa mtungi ni ya kupika. Sikuflashi.

Jumatano, 12 Februari

Kwa kikundi cha akina mama kanisani tumefundishwa kusafisha na siki, magadi na ndimu. Ajiambo akanicheka: "Sasa choo yako itanuka kachumbari, Mama Mbithe!" Tulicheka sote. Nimenunua siki. Roho imetulia kidogo.

Alhamisi, 13 Februari

Niko hospitali.

Asubuhi, bomba bado kavu, nilimwaga siki chooni, chupa nzima. Kitu ya kula – nani angeiogopa? Nthenya ameinama kando yangu na brashi, anaimba wimbo wa Sunday school. Mara harufu kali, macho yanawaka! Akakohoa, akakohoa, midomo ikageuka rangi. Yesu! Nilimbeba nikakimbia bila viatu.

Daktari aliuliza nimechanganya nini. Nikasema siki tu. Akauliza tena, polepole: na ndani ya choo kulikuwa na nini?

Ile blichi haikuwa imeenda popote. Amesema ikikutana na siki inatoa hewa ya sumu. Na ni mimi nilimwaga zote mbili. Mkono huu huu.

Amewekewa oksijeni. Kifua kinapanda na kushuka kama cha kuku aliyekimbizwa. Bwana, nichukue mimi, huyu umwache.

Mbithe amepiga. Ako kwa treni, anakuja kutuona, hajui kitu. Sauti ya furaha! Mwaitu, ulitoa zile dawa? Nikasema nilitoa. Asante, Mwaitu. Hebu nipe Nthenya nimsalimie.

Nikakata. Anapiga tena sasa. Nthenya ananiangalia juu ya ile maski, amenyoosha mkono apewe simu –