Saa Moja Niliyoogopa Kukuombea

Mdogo wangu Minza,

Jana Hanna, yule mwenzako wa Ulaya, alikuandikia tena. Ujumbe wake umeingia kwenye ukurasa wa mradi, ule ambao mimi kama karani ndiye ninayeufungua kila asubuhi, na umeanza kwa salamu ya Kisukuma uliyomfundisha: "Mwangaluka, Minza." Kisha anauliza kama ulijitoa kwa sababu ya jambo alilolisema yeye. Huu ni ujumbe wake wa nne. Sijajibu hata mmoja.

Mimi ni mtu wa kuandika kutwa nzima, lakini tangu tukuzike sijaandika neno moja la kweli juu yako. Leo najaribu.

Nakumbuka siku niliyokuandikisha. Chuo chetu hapa Bariadi kilikuwa kimepata mradi wa kuwakutanisha wanafunzi wetu na wenzao wa Ulaya kwa njia ya mtandao: wawili huku, wawili kule, kila Jumatano mbele ya kompyuta, watengeneze pamoja filamu fupi juu ya chakula cha nyumbani. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja. Mkuu wa tawi aliniambia mradi ukienda vizuri, nami nitaenda vizuri. Nikakutafuta wewe, binti wa mama mdogo, kwa kuwa nilijua huna haya ya kuongea na mtu yeyote. Ulisimama mbele ya meza yangu ukacheka.

"Kaka karani, yaani umekosa watu mpaka umefika kwetu?"

Siku ya kwanza wenzako walikaa wima kama wanaopigwa picha ya kitambulisho. Wazungu nao kimya. Wewe ukainamia kioo cha kompyuta ukawaambia, "Mwangaluka," ukawarudishia silabi moja moja mpaka wakaiweza. Nilikuja nyuma yako nikakunong'oneza kwamba hiyo ni salamu ya asubuhi, na sasa ni jioni.

"Waache, kaka. Kwani hawajaamka?"

Juma lililofuata ulileta michembe kwenye mfuko, ukaitafuna karibu na kipaza sauti ili Hanna asikie inavyolia. Akauliza kama ni vipande vya mti. Ukamjibu kwa uso mkavu kabisa kwamba ndiyo, kwetu mti huu humea chini ya ardhi na watu huutafuna wakati wa njaa. Ulipomweleza kwamba ni viazi vitamu vilivyokaushwa juani, alicheka hadi akatoka kwenye picha. Nilikuwa nimesimama mlangoni na daftari la mahudhurio, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sikuogopa chochote.

Kisha wakarudisha saa nyuma. Kule kwao, baridi ikikaribia, nchi nzima husogeza saa zake, na kipindi chetu cha saa kumi kikawa cha saa kumi na moja. Kikiisha baada ya saa mbili, jua limezama. Mratibu wao aliandika kwa adabu akauliza kama mabadiliko hayo yanatufaa. Nilimjibu kabla sijamuuliza mwanafunzi yeyote. Niliandika kwamba kwetu hakuna shida. Ndivyo tulivyolelewa, wewe na mimi: mgeni akiuliza kama chakula bado kipo, utasema kipo, hata kama sufuria imekwisha kuoshwa.

Kesho yake ulikuja mezani kwangu.

"Kaka, hiyo saa inanibana. Mama anataka niwe nyumbani ng'ombe wakiingia zizini. Na mvua zimeanza, lile korongo la njiani unalijua likijaa."

"Nitawaandikia," nikasema.

Sikuandika. Nilifungua barua pepe mara mbili, nikaandika mistari, nikaifuta. Niliona aibu kurudi kwa watu niliokwisha kuwaambia hakuna shida. Niliwaza wataniona sijui kazi, watamwambia mkuu wa tawi, na mkataba utaishia hapo. Ulipouliza tena nilikutazama usoni nikasema, "Wamekataa."

Hukukasirika. Ulisema tu, "Basi. Wenye mradi ni wao."

Minza, hakuna aliyekataa. Hakuna aliyeombwa.

Jumatano ile ya mwisho mawingu yalikuwa yamefunga upande wa kwenu tangu mchana. Ulikuwa umeshakosa kipindi kimoja mama alipougua, na aliyekosa viwili hakupewa cheti. Sharti hilo nililibandika mlangoni mimi mwenyewe. Ulitoka chumba cha kompyuta katikati ya kipindi, ukanionyesha angani kwa kidevu.

"Kaka karani, kwetu kunanyesha."

"Zimebaki dakika chache. Maliza, mratibu wao anahesabu watu."

Ukarudi kukaa. Kipindi kilipoisha ulipanda baiskeli yako ukanipungia mkono bila kugeuka. Asubuhi waliikuta baiskeli imenasa kwenye mizizi korongoni, na wewe ukiwa mbali zaidi, kule korongo linakopanukia mashamba ya pamba.

Msibani nilikaa na wanaume, lakini niliwasikia wanawake waliokuwa wakichambua mchele. Binti wa chuo, giza limeingia, peke yake barabarani. Huyo alikuwa kwa mwanamume. Hakuna aliyesema kwa ubaya, walisema kama watu wanaotaja hali ya hewa. Baada ya maziko mama mdogo alinishika mkono.

"Mwanangu, wewe uko huko ofisini. Alikuwa na nani mpaka giza likamkuta?"

Nikamjibu, "Sijui, mama."

Aliniachia mkono. Nadhani hapo ndipo alipoamini maneno ya wale wanawake.

Ofisini nilitakiwa kufunga taarifa ya mradi. Sehemu ya washiriki niliandika kwamba mmoja hakuendelea. Mkuu wa tawi alisoma akasema ni taarifa safi. Mkataba wangu ukaongezwa.

Ningeweza kuishi hivyo, nakuambia kweli. Woga huzoeleka. Lakini juma lililopita Holo, mdogo wako, alikuja ofisini. Amekua, anasimama kama wewe, uzito wote mguu mmoja. Amepata nafasi ya chuo, na mama ameifungia barua yake sandukuni pamoja na nguo zako. Amemwambia, "Mmoja alikwenda kusoma akafia kwa wanaume. Wa pili hatoki hapa." Holo hakuja kunilaumu. Alikuja kuniomba nikaongee na mama, kwa kuwa eti mimi ni msomi na mama ananiheshimu.

Na leo asubuhi barua ya muhula mpya imefika kutoka kwa mratibu wao. Siku ile ile, saa ile ile. Chini kabisa ameuliza, kwa adabu ile ile, kama saa hiyo inatufaa.

Nimeandika hapana. Nimeandika kwamba haikutufaa tangu mwanzo, kwamba mwanafunzi wetu aitwaye Minza aliomba ibadilishwe na mimi sikulifikisha ombi lake, na kwamba alikufa akirudi nyumbani kutoka kwenye kipindi. Nimemwomba amwambie Hanna kwamba hakukosea lolote. Nakala nimempelekea mkuu wa tawi. Nilipobonyeza kutuma nilibaki nimeshikilia ukingo wa meza. Mpaka sasa hakuna aliyejibu, na kila mlango unaofunguliwa kwenye korido nadhani wamenijia mimi.

Hilo la ofisini ni dogo. Nimechapa ile barua pepe yangu ya zamani, ile ya kusema hakuna shida, nikaikunja mfukoni. Jumamosi nitavuka korongo nimpelekee mama. Hasomi Kiingereza, kwa hiyo nitamsomea mwenyewe, kwa Kisukuma. Nimejaribu maneno hayo peke yangu chumbani. Kwa Kiingereza cha ofisi kila kitu hutokea chenyewe: saa ilibadilishwa, mshiriki hakuendelea. Kwa lugha ya nyumbani nimelazimika kusema nani alifanya.

Sijui kama atanipa kiti. Sijui kama atafungua sanduku. Sikuombi unisamehe, maana ombi lako mimi sikulifikisha.

Lala, mdogo wangu. Mama atajua ulikuwa wapi.

Kaka yako,
yule karani