Cheti Kimetoka Ukutani

Baba watoto,

Nimeondoka ungali bafuni. Chai imo kwenye chupa. Mdogo avae sweta.

Cheti changu hakijaibwa: nimekwenda nacho, fremu na kioo chake. Mtihani wa utumishi wa umma hautaki nakala, nawe ulikibandika kwenye fremu kwa gundi siku zile ulipojivunia mkeo. Leo ukaniambia, "Umri umekutupa mkono, mama." Bado. Kikomo ni miaka arobaini na mitano, nami nitaitimiza mwezi ujao; kwa hiyo ni leo au basi. Anayefaulu karatasi ya kuandika ndiye anayeitwa kwenye usaili.

~~Usinifuate.~~ Njoo. Mlango wa ukumbi wa mtihani unafungwa saa nne, na msimamizi akinikatalia kuingia, nataka atakayenitetea awe wewe.

Mama watoto